UZI: Ujerumani haikukosa mkopeshaji, ilikosa ruhusa. Breki ya madeni, serikali iliyoanguka na bilioni 500 zilizofuata

Mkaguzi_wa_Ndani

Wakuu, salaam.

Habari za Ujerumani zikiletwa humu mjadala unaishia palepale: Mrusi kakata gesi, Mchina anatengeneza magari ya umeme ya bei poa, wahamiaji wamejaa. Yote yana ukweli wake. Lakini hayaelezi kwa nini nchi yenye deni la kama asilimia 62 ya pato la taifa, wakati Ufaransa imeshapita 110 na Italia imepita 130, iliangusha serikali yake Novemba 2024 kwa kugombea tundu la bajeti. Wakopeshaji walikuwa wamepanga foleni mlangoni. Kilichokosekana ni ruhusa ya kukopa, na ruhusa hiyo walijinyima wenyewe kwenye katiba mwaka 2009.

Kwanza tuelewane kwa majina. Bundestag nitaiita Bunge, Bundesrat nitaiita Baraza la Majimbo. Nikisema jimbo namaanisha moja ya yale 16 (Bavaria, Saxony, Hamburg na wenzake) yenye serikali zao, siyo jimbo la uchaguzi kama tulivyozoea sisi.

Breki yenyewe ya madeni iko kwenye ibara ya 109 na 115 za Sheria ya Msingi, yaani katiba yao. Serikali kuu hairuhusiwi kuwa na nakisi ya kimuundo (ile inayobaki ukiondoa athari za uchumi kupanda na kushuka) inayozidi asilimia 0.35 ya pato la taifa. Pigeni hesabu: pato la 2024 lilikuwa kama yuro trilioni 4.3, kwa hiyo 0.35 ni bilioni 15 hivi. Bajeti ya serikali kuu ni karibu bilioni 500. Maana yake katika kila yuro 100 za matumizi, tatu tu ndizo za mkopo. Majimbo yalibanwa zaidi: kuanzia 2020 yalitakiwa kukopa sifuri.

Kuna milango mitatu ya pembeni. Wa kwanza, uchumi ukidorora chini ya uwezo wake, fomula inaongeza kiasi cha kukopa, na ukichemka kinapungua. Wa pili, fedha inayonunua mali ya kifedha, kama hisa, haihesabiwi kama nakisi. Serikali ikiongeza mtaji kwenye shirika la reli la Deutsche Bahn, imetoa fedha lakini imepata hisa, hesabu inabaki sawa. Ndiyo maana miaka hii mtaji wa reli umekuwa njia pendwa ya kupitisha mabilioni. Wa tatu ni dharura: janga au hali isiyo ya kawaida iliyo nje ya uwezo wa serikali. Bunge likipiga kura kwa wingi wa wabunge wote, siyo wa waliohudhuria tu, breki inaachiwa kwa mwaka huo, na unatakiwa kuweka ratiba ya kulipa.

Mlango huo wa tatu ndio uliowaponza.

Kokotoa

Naendeleza hapo kwenye dharura, kwa sababu wengi wanadhani Mahakama ya Katiba ya Karlsruhe "ilichukua bilioni 60". Hakukuwa na bilioni 60 kwenye akaunti yoyote.

Mwaka 2021 Bunge liliruhusu mkopo mkubwa wa kupambana na korona. Ruhusa ya bilioni 60 ikabaki bila kutumika. Serikali mpya ya kansela Olaf Scholz, mseto wa SPD (wasoshalisti wa wastani), Kijani (wanamazingira) na FDP (waliberali wa soko huria), ikaihamishia ruhusa hiyo kwenye Mfuko wa Tabianchi na Mageuzi, ili ije itumike miaka ya mbele kwa majengo, betri, viwanda vya chuma na kadhalika. Ilifanya hivyo kupitia bajeti ya pili ya nyongeza ya 2021, ambayo Bunge liliipitisha mapema 2022. Wabunge 197 wa CDU/CSU, wahafidhina waliokuwa upinzani, wakaenda mahakamani.

Hukumu ya tarehe 15 Novemba 2023 iliibomoa bajeti hiyo kwa hoja tatu, na kila moja peke yake ilitosha. Serikali haikuonyesha vya kutosha uhusiano kati ya dharura ya korona na matumizi ya tabianchi. Pili, ruhusa ya dharura ni ya mwaka wake. Huwezi kuiweka stoo ukaitoa miaka mitatu baadaye. Tatu, bajeti ya nyongeza ya mwaka 2021 haiwezi kupitishwa wakati 2021 umeshapita.

Hoja ya pili ndiyo iliyoleta kimbunga, kwa sababu haikugusa mfuko huo tu. Mfuko wa kupunguza bei za gesi na umeme nao ulikuwa umejengwa kwa mtindo uleule wa kuweka ruhusa akiba. Ikabidi dharura ya 2023 itangazwe mwaka ukiwa umebakiza wiki chache, na bajeti ya 2024 ianze kukatwakatwa upya. Moja ya vilivyokatwa ni nafuu ya kodi ya dizeli ya wakulima. Mnakumbuka matrekta yaliyofunga barabara za Berlin Januari 2024? Chanzo chake ni hukumu hii.

Pwani_Yetu

Wakuu mko vizuri. Swali la mtu wa kawaida: kwa hiyo Scholz aling'olewa na kura ya kutokuwa na imani?

ShangaziTakwimu

Hapana mwanangu, na hapo ndipo watangazaji wetu wengi walipoteleza.

Ujerumani huwezi kumwangusha kansela kwa kusema tu "hatumtaki". Ibara ya 67 inataka muwe tayari na mbadala: kura ileile inayomtoa ndiyo inayomchagua mwingine, tena kwa wingi wa wabunge wote. Wameweka hivyo kwa kuikumbuka Weimar, jamhuri ya kabla ya Hitler, ambapo vyama visivyopatana kwa lolote viliweza kuungana kubomoa serikali bila kuweza kujenga nyingine. Tangu 1949 imejaribiwa mara mbili tu bungeni. Aprili 1972 Rainer Barzel alipata kura 247 dhidi ya Willy Brandt, zilihitajika 249. Oktoba 1982 Helmut Kohl akafanikiwa kumtoa Helmut Schmidt.

Alichofanya Scholz ni ibara ya 68, yaani yeye mwenyewe kuomba kura ya imani. Tarehe 6 Novemba 2024 alimfukuza waziri wa fedha, Christian Lindner wa FDP. Tundu la bajeti ya 2025 lilikuwa mabilioni. Scholz alitaka dharura itangazwe kwa sababu ya vita vya Ukraine, Lindner akakataa kuachia breki. FDP ikatoka, serikali ikabaki bila wingi. Desemba 16 akaomba imani akijua atashindwa: 207 ndiyo, 394 hapana, 116 hawakuegemea upande wowote. Kushindwa ndilo lilikuwa lengo, maana bunge haliwezi kujivunja lenyewe. Kansela akishindwa ndipo anaweza kumwomba Rais alivunje, na Rais ana siku 21 za kuamua. Frank-Walter Steinmeier alilivunja Desemba 27, uchaguzi ukatakiwa ufanyike ndani ya siku 60, ukafanyika Februari 23, 2025.

Scholz alikaa ofisini hadi Mei 6, 2025. Hakung'olewa na mtu.

Mlingoti

Nakazia maelezo ya Shangazi, halafu niingie kwenye hesabu ya viti, kwa sababu matokeo ya uchaguzi ule yaliamuliwa na kura kidogo kupita maelezo.

Karatasi ya kura ina safu mbili. Ya kushoto, nyeusi, unamchagua mtu wa jimbo lako la uchaguzi. Ya kulia, ya bluu, unachagua orodha ya chama. Ya kulia ndiyo yenye nguvu ingawa inaitwa kura ya pili, kwa sababu ndiyo inayogawa viti. Viti ni 630, haviongezeki tena. Kabla ya marekebisho ya 2023 vilikuwa vinavimba kila uchaguzi. Bunge la 2021 lilianza na wabunge 736.

Ugawaji unafanywa kwa mbinu ya Sainte-Laguë. Chukua mfano mdogo: viti 10, kura 100,000. Chama A kina 53,000, B kina 34,000, C kina 13,000. Gawanya kila kimoja kwa 10,000: unapata 5.3, 3.4 na 1.3. Ukikadiria kwa namba nzima ni 5, 3 na 1, jumla 9. Kiti kimoja hakijapata mwenyewe. Basi unapunguza kigawanyo hadi jumla itimie. Jaribu 9,700: A anapata 5.46, B 3.505, C 1.34. Sasa ni 5, 4 na 1. Kumi. Kiti cha mwisho kimekwenda kwa B, na hakuna aliyependelewa. Ukikuta mtu anabishia viti vya Bunge lile, mpe kikokotoo.

Kabla ya kugawa, kwanza wanaondolewa walio chini ya asilimia 5, isipokuwa wameshinda majimbo matatu ya uchaguzi au ni chama cha jamii ya walio wachache, kama SSW ya Wadenmaki na Wafrisia wa kaskazini. Chama cha BSW cha Sahra Wagenknecht kilipata asilimia 4.98. Kilikosa kura kama 9,500 hivi nchi nzima. FDP nayo ikaishia 4.3.

Sasa angalia kilichotokea. Kura za vyama vyote vilivyobaki nje zilikaribia asilimia 14. CDU/CSU (28.5) na SPD (16.4) wakijumlishwa hawafiki hata 45, lakini walipata viti 208 na 120, jumla 328, na wingi ni 316. BSW ingepita, wingi huo usingekuwepo na wangelazimika kumtafuta mshirika wa tatu, yaani mseto wa vyama vitatu kama ule uliotoka kuvunjika.

Kingine ambacho hakikuzoeleka: washindi 23 wa majimbo ya uchaguzi hawakupata viti. Walishinda kwao, ila chama chao katika jimbo husika hakikuwa na kura za pili za kutosha kufunika ushindi wao, basi waliopita kwa asilimia ndogo zaidi wakaachwa. Kihesabu ni sawa. Kisiasa, mweleze mpiga kura ambaye mbunge wake ameshinda na hayupo.

Pwani_Yetu

Na AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia kilichokuwa cha pili kwa viti 152, hakuna anayewataka?

ShangaziTakwimu

Walipata asilimia 20.8. Vyama vingine vinakubaliana kutoshirikiana nao, wenyewe wanauita ukuta wa moto. Ukuta huo ulitikisika Januari 29, 2025 pale azimio la CDU/CSU kuhusu wahamiaji lilipopita kwa kura za AfD, watu wakajaa mitaani.

Lakini usiangalie tu kama wapo serikalini. Angalia theluthi. Mambo yanayohitaji theluthi mbili, ukiwa na zaidi ya theluthi moja unayazuia bila kuwa na waziri hata mmoja. Thuringia, Septemba 2024, AfD ilipata viti 32 kati ya 88. Hawatawali pale, ila uteuzi wa majaji na mabadiliko ya katiba ya jimbo hayapiti bila wao. Bungeni Berlin, AfD 152 na chama cha Kushoto 64 wanafika 216, na theluthi ya 630 ni 210. Hawa wawili hawasalimiani, lakini kila mmoja kwa sababu zake anaweza kukataa.

Namba hiyo 216 ndiyo ufunguo wa kilichotokea Machi.

Kokotoa

Haswa. Friedrich Merz, kiongozi wa CDU, alifanya kampeni kama mlinzi wa breki. Siku tisa tu baada ya uchaguzi akakubaliana na SPD kuilegeza. Tatizo ni kwamba kubadili katiba kunataka theluthi mbili, na Bunge jipya lisingempa hizo bila Kushoto au AfD. Katiba inasema Bunge jipya likutane ndani ya siku 30 tangu uchaguzi, na hadi siku hiyo la zamani linabaki halali. Wakaliita la zamani. Wabunge walikuwa 733, zilihitajika kura 489, na Machi 18 zilipatikana zaidi ya 510. Machi 21 Baraza la Majimbo likapitisha kwa 53 kati ya 69, zilihitajika 46. Bunge jipya lilikutana Machi 25. Siku nne!

Halali? Ndiyo, Karlsruhe ilikataa maombi ya kusimamisha. Inapendeza? Mimi naona walimuuzia mpiga kura mbuzi kwenye gunia, lakini hilo ni la kwangu.

Kilichobadilika ni vitu vitatu. Matumizi ya ulinzi yanayozidi asilimia 1 ya pato la taifa hayahesabiwi tena kwenye breki. Asilimia 1 ni kama bilioni 43. Juu ya hapo hakuna dari. Humo wameingiza pia ujasusi, ulinzi wa raia, usalama wa mitandao na msaada kwa nchi iliyovamiwa. Pili, majimbo yote 16 kwa pamoja sasa yanaruhusiwa nayo 0.35. Tatu, mfuko maalumu wa bilioni 500 wa miundombinu kwa miaka 12: bilioni 300 za serikali kuu, 100 za majimbo na halmashauri, 100 kwenye Mfuko wa Tabianchi. Hizo 100 za mwisho ndiyo bei ambayo Kijani walidai kwa kura zao.

Soko nalo lilijibu mapema. Machi 5, siku moja baada ya mpango kutangazwa, riba ya hatifungani ya miaka 10 ilipanda kwa karibu pointi 0.3 za asilimia kwa siku moja, kitu ambacho hakikuonekana tangu enzi za muungano wa 1990. Na riba siyo jambo dogo tena: mwaka 2021 serikali kuu ililipa kama bilioni 4, mwaka 2023 ikapita 30.

Mkaguzi_wa_Ndani

Kuongezea kwa wanaodhani wingi wa 328 ni salama. Mei 6, 2025, Bunge lilipopiga kura ya kumchagua kansela, Merz alipata kura 310 duru ya kwanza, chini ya 316 zilizohitajika. Hakuna kansela mteule wa baada ya vita aliyewahi kuanguka duru ya kwanza. Ilikuwa ya siri, kwa hiyo waliomgeuka hawajulikani. Alichaguliwa alasiri ileile kwa 325, na hata kupiga duru ya pili siku hiyohiyo kulihitaji theluthi mbili, yaani kuongea na Kushoto, chama ambacho CDU ina azimio la kutoshirikiana nacho.

Fundi_Zege

Nimewasoma wote, mmeongea fedha fedha fedha. Niwapeleke kwenye zege, maana hata bilioni 500 hazijengi daraja zikiwa zimelala kwenye mfuko.

Daraja la Rahmede, barabara kuu ya A45 karibu na Lüdenscheid. Lilijengwa miaka ya 1960 kwa malori ya miaka ya 1960. Desemba 2, 2021 likafungwa ghafla, kwa sababu vipimo vilionyesha bamba za chuma za mhimili zimebonyea kuliko walivyodhani. Bamba jembamba la pembeni ya mhimili kazi yake ni kubeba mkato, yaani nguvu inayotaka kulikata daraja kwa wima. Likishabonyea halibebi tena sawasawa, mzigo unahamia kwenye flanji (bamba za juu na chini za mhimili), na huwezi kutabiri lini litakunjika. Halikarabatiki kwa bei yenye maana. Likalipuliwa Mei 7, 2023. Kati ya kufungwa na kulipuliwa ni mwaka mmoja na nusu, malori ya njia kuu ya kaskazini–kusini yanapita katikati ya mji mdogo, na viwanda vya eneo lile, ambavyo ni vya vipuri vya chuma na vinaishi kwa barabara hiyo, vinapoteza wafanyakazi.

Daraja la Carola, Dresden, Septemba 11, 2024: kipande kinachobeba tramu kilianguka mtoni Elbe usiku wa manane, tramu ya mwisho imeshapita. Hakuna aliyeumia. Chanzo ni nyaya za chuma zilizovutwa ndani ya zege. Aina ile ya chuma, ikipata unyevu tangu wakati wa ujenzi, inapata nyufa ndogondogo za ndani kwa ndani, na uchovu wa mizigo unazikuza. Kwa nje zege linaonekana zima. Usitegemee kuliona kwa macho. Ndiyo maana sasa wanafunga vihisi sauti kwenye madaraja ya aina hiyo vinavyosikia uzi ukikatika.

Sasa, kinachochelewesha kujenga upya: upimaji wa mazingira, kuchapisha ramani ili wananchi wapinge, kujibu kila pingamizi kwa maandishi, kesi mahakamani, halafu zabuni. Na kwenye ofisi za ujenzi za halmashauri hakuna wahandisi wa kuandaa hayo makaratasi. Waliokuwepo walipunguzwa kwa miaka mingi ya kubana matumizi. Mhandisi aliyeondoka 2015 hakungoji.

ShangaziTakwimu

Fundi umegusa halmashauri, na humo ndimo madarasa na maji machafu vilipo. Benki ya KfW ilikadiria mwaka 2025 kwamba pengo la uwekezaji la halmashauri ni karibu bilioni 216, na shule ndizo zinazoongoza.

Halmashauri zinaishi kwa kodi ya biashara, inayoitwa Gewerbesteuer. Unachukua faida ya kampuni, unazidisha na asilimia 3.5, kisha na kiwango ambacho mji wenyewe umejiwekea. Munich ni 490, kwa hiyo 3.5 mara 4.9 ni asilimia 17.15. Monheim, mji mdogo kando ya Rhine, uliweka 250, ikatoka 8.75, makampuni yakahamia huko. Ubaya wa kodi hii ni kwamba inafuata faida. Kiwanda cha magari kikiyumba, mji uliokitegemea unaanguka mwaka huohuo, wakati posho za jamii ambazo sheria ya Berlin inaulazimisha kulipa zinapanda. Wakati huo fundi wa paa la shule ndiye anayeambiwa asubiri.

Mlingoti

Umeme nao ni hadithi ya makaratasi. Upepo uko kaskazini, viwanda viko Bavaria na Baden-Württemberg. Njia ya SuedLink, kilomita 700 hivi, volti 525,000 za mkondo mnyoofu, ilitakiwa kuwaka 2022. Wabavaria wakapinga nguzo, mwishoni mwa 2015 sheria ikaamuru nyaya zizikwe, mipango ikaanza upya, sasa wanasema mwisho wa 2028. Kwa sababu nchi nzima ni soko moja la bei, upepo ukivuma sana soko linauza umeme wa kaskazini kwa mteja wa kusini kana kwamba waya upo. Waya haupo. Msimamizi wa gridi analipa mitambo ya upepo izimwe kaskazini na mitambo ya gesi iwashwe kusini, na gharama inawekwa kwenye bili. Vinu vitatu vya mwisho vya nyuklia vilizimwa Aprili 15, 2023, na kimoja, Isar 2, kilikuwa hukohuko Bavaria.

Bahari_Shwari

Mimi nauliza la tumboni. Mnaotupigia hesabu za mabilioni, mtu akiambiwa mshahara yuro 3,000 kwa mwezi anabaki na ngapi?

Kokotoa

Viwango vya 2025, mtu hana mtoto na amevuka miaka 23. Michango inakatwa kabla hujaiona: pensheni 18.6 mnagawana nusu na mwajiri, wewe 9.3, sawa na yuro 279. Afya 14.6 pamoja na nyongeza ya mfuko, wastani 2.5, nusu yako ni 8.55, yuro 256.50. Ukosefu wa ajira 1.3, yuro 39. Uangalizi wa wazee 1.8 pamoja na adhabu ya kutokuwa na mtoto 0.6, yuro 72. Jumla 646.50. Baada ya hapo ndipo kodi ya mapato, ambayo inategemea daraja la ndoa na haigusi yuro 12,096 za kwanza za mwaka. Ukisajiliwa kanisani, kodi ya kanisa inajiongeza. Angalia fomu ya usajili wa makazi kabla ya kuweka tiki kwenye dini.

Na mwajiri naye analipa karibu kiasi kilekile juu ya 3,000. Ndiyo maana ukisikia "gharama ya kazi" inalalamikiwa, siyo mshahara tu. Juu ya michango yote hiyo, serikali kuu bado inaongeza zaidi ya bilioni 100 kila mwaka kwenye pensheni. Kizazi cha 1964, watoto zaidi ya milioni 1.3, kinafikia miaka 67 mwaka 2031. Hakuna kizazi baada yake kilichofikia ukubwa huo.

Bahari_Shwari

Ndiyo maana wanataka watu wetu. Si walisema Kenya inapeleka 250,000?

Mkaguzi_wa_Ndani

Hiyo namba haipo kwenye mkataba wa uhamiaji wa Kenya na Ujerumani. Ulisainiwa Berlin Septemba 13, 2024, Ruto na Scholz wakiwepo. Wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ilikanusha namba hiyo wazi. Mkataba hauna idadi. Una mambo mawili: kurahisisha njia za kisheria, na Kenya kuwapokea raia wake wasio na kibali. Masharti ya kazi ni yaleyale ya sheria ya Ujerumani.

Na anayekwambia ana "nafasi za Ujerumani" muulize kadi ya fursa, Chancenkarte, inataka nini. Kama hajui, achana naye. Inataka elimu au mafunzo ya ufundi ya angalau miaka miwili yanayotambuliwa kwenu, Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2, pointi 6, na uthibitisho wa kujikimu, mwaka 2025 ilikuwa yuro 1,091 kwa mwezi kwenye akaunti iliyofungwa. Inakupa mwaka wa kutafuta, na kazi ya saa 20 kwa wiki. Kwa muuguzi njia ni nyingine: cheti kilinganishwe, mamlaka ya jimbo ikupe barua ya mapungufu, ufanye mtihani au mafunzo ya kuziba, na lugha B2. Panapokwama ni kwenye ulinganishaji, hasa pale chuo hakitoi mtaala wenye saa za kila somo. Omba karatasi hiyo chuoni kabla ya kuondoka, ukiwa bado unaweza kumfuata msajili ofisini kwake.

Tena kwenye pensheni: asiye raia wa Ulaya akiondoka moja kwa moja kurudi Kenya au Tanzania anaweza kudai michango yake, sehemu yake tu, ile ya mwajiri inabaki. Hesabu miezi 24 kamili tangu kutoka kwenye mfumo. Ukiomba mwezi wa 20 utarudishiwa barua.

Pwani_Yetu

Swali la mwisho kwa wataalamu. Hiyo bilioni 500, nitajuaje kama inajenga kitu kipya au wanahamisha matumizi ya zamani kwenda kwenye mfuko?

Kokotoa

Swali zuri kuliko yote humu. Sheria inasema fedha za mfuko ziwe za nyongeza, na kipimo ni kwamba uwekezaji ndani ya bajeti ya kawaida usiwe chini ya asilimia 10 ya matumizi. Udhaifu wa kipimo: asilimia 10 ni sakafu ya chini. Kama ulikuwa umepanga kuwekeza zaidi ya hapo, unaweza kushuka hadi 10, tofauti ukaihamishia kwenye mfuko, ukatumia nafasi uliyoipata kwa punguzo la kodi, na umetii sheria neno kwa neno. Tena wakipiga hesabu ya hiyo 10 wanatoa kwanza baadhi ya vitu kwenye bajeti, ikiwemo ulinzi ulioachiwa.

Jinsi ya kukagua: bajeti imegawanywa kwa mafungu yenye namba. Fungu la 12 ni uchukuzi, 14 ulinzi, 32 riba na madeni, 60 ni la jumla. Chukua fungu la 12 la mwaka kabla ya mfuko na la mwaka baada yake, tafuta mstari wa matengenezo ya barabara kuu. Ukiona umepungua, nenda kwenye mpango wa mfuko maalumu utafute neno Brücken, yaani madaraja. Madaraja ya barabara kuu yameshahamia huko. Jumlisha mistari yote miwili, linganisha na mwaka wa nyuma, na kilichozidi ndicho kipya.

Fundi_Zege

Halafu kwenye kilichozidi toa kupanda kwa bei ya ujenzi.